Mama, Usirudi Kukatwa Kimeo

Mama yangu mpendwa, uliyelazwa mbali na jiko lako,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa kichwa tu, maana Mama Mdogo ameniambia sauti yako imepungua. Usijisumbue. Yeye akusomee taratibu, na ukichoka asubiri mpaka upumzike.

Nimetumwa kwako na Mjomba Hamisi, na wewe ndiye uliyenifunza kwamba ujumbe wa mkubwa haubadilishwi njiani. Basi naufikisha kama ulivyotoka kinywani mwake. Mama Mdogo alipiga simu kutoka Dar es Salaam, akasema dawa zimekwisha na madaktari wako tayari kukupasua, lakini wewe hutaki kuweka sahihi mpaka kaka yako akubali. Mjomba akakata simu, akaniambia, “Mwandikie mama yako arudi nyumbani. Kimeo kimeota tena.”

Ujumbe ndio huo. Yanayofuata ni yangu. Nayaandika wazi, na mwalimu wetu wa Biolojia amekubali niyabandike kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa sababu habari za koo lako zimekwisha kuwa za watu wote wa Mnyambe. Zinasimuliwa mashineni tunapopeleka muhogo kusagwa, zinasimuliwa bombani tunapopanga ndoo. Kama kila mtu anasema, na mimi niseme.

Mama, nina kinyaa. Mwalimu anatufundisha tuchague neno linalolingana na jambo, nami nimetafuta jingine la adabu zaidi nimelikosa.

Unakumbuka ulivyokuwa mlaji? Tulikuwa tukitoka kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, unaichemsha kwa chumvi, halafu unakaa kizingitini unakula huku unaongea. Ganda lilitoka upande mmoja wa mdomo na maneno upande mwingine, wala hukupaliwa hata siku moja. Nilikuwa nakuiga, nakohoa, unanipiga mgongoni na kunicheka: “Wewe Somoe, kula ni kazi, shule watakufundisha lini?”

Halafu ukaja msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Ulirudi shambani na nyusi za njano kama sisi sote, na ugali ukasimama kifuani. Ulisema ni salfa tu, imekukaa kooni, ikiisha kupulizwa itashuka. Salfa iliisha. Ukaacha ming'oko, ukaacha nyama, ukaanza kumega matonge madogo kama ya mtoto anayeachishwa ziwa. Kwenye sinia ulikuwa unatafuna nasi hadi mwisho ili mtu asiseme unadharau chakula. Siku moja nilipofua kanga yako nikakuta pembe imefungwa fundo. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na matonge uliyotafuna ukashindwa kuyameza, yamechacha, yana ute. Nilikunja uso mpaka machozi yakanitoka. Ulinikuta nimeshika ile kanga, ukasema kwa sauti ya chini, “Kunja uso utakavyo. Ila mjomba wako asijue.”

Kinyaa kile kilinipita, mama. Nilisuuza, nikaanika, na tangu siku hiyo kanga zako nilizifua mwenyewe. Kinachonikaa mpaka leo ni kile kilichofuata.

Mjomba alijua, kwa sababu ulikonda. Tangu baba ahamie Tandahimba kwa mke mwingine, na hata kabla ya hapo kwa mila yetu, mwenye neno juu ya watoto wa dada ni mjomba, na mwenye neno juu ya dada ni kaka. Simlaumu kwa kukupenda. Alikubeba kwa baiskeli hadi zahanati mara ngapi? Lakini mtu akisema koo linamkaba, huku kwetu jina la ugonjwa limekwisha kuwepo kabla hajamaliza kusema. Ni kimeo. Kakinyama kale kanakoning'inia mlangoni mwa koo kamerefuka, kakatwe. Wewe mwenyewe ulikatwa ukiwa mchanga, kama Mjomba, kama mimi. Fundi wa vimeo alipoambiwa hivyo hakushangaa. Alisema kimeo ni kama nyasi, huota.

Nilimwona akifungua kifurushi chake uani kwetu. Mkasi uliopinda ncha ulikuwa umeviringishwa kwenye foronya kuukuu pamoja na tumbaku yake. Akaufuta kwenye shuka aliyovaa. Nilikuwa nimechemsha maji, nikamwomba kwa heshima auchovye kwanza. Akacheka, akawatazama watu: “Binti huyu anataka kupika mchuzi wa mkasi.” Uani pote wakacheka. Mjomba naye alicheka, mama, na wewe ulikuwa umekwisha kufungua mdomo.

Sitaandika ulivyolia. Naandika alichofanya yeye. Kile kipande alikiweka juu ya jani la mkorosho akakizungusha, kila mtu akione. Wakakiinamia. Mama Zuhura wa jirani akasema kinafanana na ulimi wa kifaranga. Fundi akasema, “Ubaya wenyewe ndio huu.” Mjomba akashukuru Mungu na kumchinjia jogoo. Akala pale pale, akifyonza mifupa, damu yako ikiwa bado kwenye kucha zake, na wewe upande wa pili wa ukuta unatemea bakuli kwa sababu hata mchuzi wa jogoo huyo haukupita. Hakuna mtu uani pale aliyeona kinyaa isipokuwa mimi. Walisema shule imenifanya laini.

Mwaka huo huo mwalimu alitufundisha njia ya chakula. Alituambia tuweke kidole chini ya koo, tushuke nacho katikati ya kifua mpaka juu ya tumbo. Umio unapita huko ndani, nyuma ya bomba la hewa, kidole hakiufikii na mkasi hauufikii. Nilishusha kidole nikahesabu fundi alikuwa amekata mbali kiasi gani na mahali ulipokuwa unasema pananasa. Niliomba ruhusa ya kutoka nje.

Ndipo tukaenda hospitali ya mkoa, wewe, mimi na Mjomba. Yule daktari mwanamke alikupitishia mpira wenye kamera akaona uvimbe umeota ndani ya umio. Alisema ni saratani, na kwamba haijaenea sehemu nyingine. Alikueleza wewe, hakumweleza Mjomba, na hilo Mjomba hakulipenda. Alisema Dar es Salaam wataanza na dawa za kupitishwa mishipani, kisha wataikata sehemu mbovu, na tumbo watalifanya jembamba na kulivuta juu liungane na kilichobaki, liwe njia mpya ya chakula. Zamani, alisema, ilikuwa lazima kifua kifunguliwe chote. Siku hizi wapo wanaoingia kwa matundu madogo, wanapitisha kamera na vifaa vyembamba virefu, daktari anatazama kwenye runinga. Akaongeza kwamba nchi nyingine vifaa hivyo hushikwa na mikono ya roboti, lakini roboti haiamui kitu. Daktari akipinda kidole, nayo inapinda. Wewe utapasuliwa kwa mikono ya watu. Hakukuficha. Alisema matundu kuwa madogo hayafanyi kazi iwe ndogo, kwamba maungio huweza kuvuja, kwamba utakaa chumba cha uangalizi, na ukipona utakula kidogo kidogo, na usiku utalalia mto wa juu. Ulimwuliza swali moja tu: “Ming'oko nitakula?” Akasema, “Ukitafuna vizuri.” Ulitabasamu kwa mara ya kwanza tangu salfa.

Katika maneno yote yale, Mjomba alirudi Mnyambe na mawili: roboti na tumbo. Leo mashineni wanasema utapasuliwa na mashine isiyo na macho. Wanasema tumbo litapandishwa kifuani, ukicheua watu wakimbie. Mama Zuhura, yule yule aliyeinamia jani, amesema akifikiria tumbo mahali pa moyo moyo unamchafuka, hawezi kula. Nilikuwa nimejitwika debe la unga. Sikumjibu, kwa sababu ulinikataza kujibizana na watu wazima njiani, lakini nilitembea hadi nyumbani meno yakiwa yameumana. Watu hawa mkasi wenye tumbaku hauwachefui. Kinachowachefua ni mikono iliyooshwa.

Mama, nilikuwa nimefika hapa nikaitwa. Sasa naendelea, ni siku ya pili yake.

Niliyemkuta uani ni fundi wa vimeo, ameketi juu ya kinu, kifurushi magotini. Mjomba alikuwa amemwita apange siku ya kuja ukisharudi. Fundi alikuwa anaeleza kwamba safari hii kimeo kimekuwa kinene, kimezama, ndiyo maana hospitali wamekiona kwa chini wakakipa jina jingine. Safari hii atakata zaidi. Mjomba alikuwa anaitikia kila neno, kama mtu anayesikiliza mawaidha.

Nilipiga magoti nikaamkia. Kisha nikasema, “Babu, naomba kuuliza. Mama yuko Dar es Salaam. Kimeo chake umekiona kwa macho gani?”

Akasema yeye huhitaji kuona mara moja tu, vimeo vya ukoo mmoja hufanana. Nikamwambia, “Basi mimi ni mwanawe, na Mjomba ni kaka yake. Tutazame sisi. Kama chetu kimeota, na chake kimeota.” Nikafungua mdomo, nikamgeukia Mjomba.

Nilidhani atanipiga. Halafu, mama, Mjomba Hamisi akafungua mdomo wake pale uani, mtu mzima yule, kichwa nyuma. Fundi hakuinuka kutoka kwenye kinu. Alisema jua limekuwa kali, macho yanamsumbua, atakuja siku nyingine. Mjomba akafunga mdomo. Akamwambia, “Nenda salama, mzee.” Hakumchinjia kitu.

Tulikaa. Akaokota kijiti, akachora chora mchangani. Akaniuliza matundu yenyewe yana ukubwa gani. Nikamwonyesha kwenye ncha ya kidole changu cha mwisho. Akauliza daktari anaona vipi ndani kulivyo giza. Nikamweleza kamera ina taa yake. Akauliza hilo tumbo, likishapanda, linajua lenyewe kushusha chakula? Nikajibu kama tulivyofundishwa, kwamba chakula hushuka, ila taratibu, ndiyo maana ya mto wa juu. Akatema mate pembeni, akasema jambo lote hili bado linamtia kinyaa, tumbo kwenye kifua cha dada yake. Nikamwambia, “Na mimi linanitia, Mjomba. Kile cha kwenye jani kilinitia zaidi.”

Alipokuwa anapanda baiskeli ndipo aliposema, bila kunigeukia: “Kwenye hiyo barua yako, usimwandikie nimesema ndiyo. Mwandikie sijasema arudi.”

Ndivyo alivyosema, nami sijaongeza wala kupunguza. Ujumbe wa kwanza umekwisha, huu ndio wa mwisho. Usisubiri ndiyo yake, mama. Hataisema, na wewe unamjua kuliko mimi. Yule daktari alisema mgonjwa mwenye akili timamu anajiwekea sahihi mwenyewe. Kalamu iko kwenye mfuko wa Mama Mdogo. Mwambie akushike mgongo ukae, uandike jina lako lote kama ulivyoliandika siku uliponipeleka darasa la kwanza, ukiwa umeng'ata ulimi.

Naogopa. Nakuombea kila ninapoinama. Kitanda chako nimekiinua upande wa kichwa kwa matofali mawili.

Lala salama, mama, na uamke.

Binti yako wa kwanza,
Somoe