Zile Reli Mlizotandika Mtoni

Baba,

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na hapa nyumbani kila mtu anafikiri mimi ndiye jasiri.

Tangu tukuzike kando ya migomba, mvua haijatulia. Daraja mlilojenga ninyi vijana wa wakati huo, kwa reli kuukuu zilizoletwa na lori kutoka Kisumu, limelegea. Ulikuwa ukitucheka: "Sisi tulipata reli, treni ikakataa kuja." Lakini kabla ya reli hizo Mama alivuka na ndizi kichwani, maji yakimfika kiunoni, na ng'ambo hii ilikuwa malisho tu. Malori ya majani chai yalipoanza kupita ndipo tukapata soko, kinu cha mahindi, zahanati, kanisa, sasa hata nyumba za ghorofa.

Wiki iliyopita mto ulifurika. Moraa, mjukuu wako, alikuwa katikati ya daraja akitoka shule, na lori la chai likaingia nyuma yake. Nilikuwa kibandani kwangu sokoni, namwona. Chuma kikalia. Upande mmoja ukashuka. Moraa akakimbia, na lori likapita, sijui kwa neema gani. Nilimkumbatia mpaka akasema, "Mama, unaniumiza."

Kesho yake mimi na akina mama wa sokoni tuliviringisha mawe tukaziba njia ya magari. Ombati akaja amefura. Unamjua mwanao, na lori ndilo kazi yake. Akaniambia mbele ya watu, "Baba alifungua, wewe unafunga. Soko likifa, utatulisha wewe?"

Wanunuzi wa ndizi hawaji tena, na zinaoza mbele yetu. Labda kweli naua soko lako, Baba. Hilo linanitisha karibu kama yale maji.

Ombati akateremka chini ya daraja ajionee. Alikaa huko mpaka nikasogea ukingoni kumtazama. Alipopanda, suruali ilikuwa imelowa na uso umepauka. Nguzo ya upande wetu imeliwa na mto, inaning'inia. Hakuniomba radhi. Aliinua jiwe kubwa kuliko yangu yote, akaliweka juu ya mengine.

Wahandisi wamesema watakuja. Mpaka waje, mimi na ndugu yangu tutasimama pale kwa zamu, wenye malori watukane wanavyotaka. Nakuahidi hivyo, ingawa bado naogopa.

Lala salama, Tata, baba yangu.

Kwamboka wako