Tiketi ya Koo Moja

Jumatano, 13 Agosti 2008

Odile amepiga simu dukani, nikiwa kwenye mashine ya kulipia, foleni imefika mpaka kwenye friji za maziwa. Ndiye anayetutafutia safari mimi na Leetia, kutoka ofisi yake ya Montreal, na hajawahi kunipigia kazini. Nikajua kuna jambo.

Serikali imefunga mfuko uliokuwa unalipa nauli za wasanii wanaokwenda kutumbuiza nje ya nchi. Si kupunguza. Kufunga! Safari yetu ya Novemba — Ujerumani, Aislandi, Norwe — sasa inaning'inia. Nimeuliza kwa nini. Anasema kuna mkubwa mmoja ametamka redioni kwamba mwananchi wa kawaida hana haja ya kuwagharimia watu starehe za ughaibuni.

Mwananchi wa kawaida! Na mimi niliyevaa aproni ya duka la ushirika ni nani?

Jioni nimempelekea Leetia habari. Alikuwa amekaa sakafuni anapasua samaki juu ya boksi lililokunjuliwa. Amecheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Starehe? Kule Berlin si tulilala stoo, na mangoma ya watu juu ya vichwa vyetu? Mkate mkavu siku tatu! Waambie hiyo starehe waniletee hapa Inukjuak, mimi sijawahi kuiona."

Nimecheka naye. Nilipofika nyumbani kicheko kikaisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumekwenda mlimani kuchuma matunda meusi. Mbu wengi. Leetia anakula zaidi ya anavyochuma, kama kawaida yake.

"Bibi, yatabaki ya kupeleka nyumbani kweli?"

"Mjukuu wangu, usinihesabie tonge."

Ana miaka ishirini na tisa, mimi arobaini na moja. Lakini alizaliwa mwaka aliofariki bibi yangu, akapewa jina lake, kwa hiyo kwa desturi yetu ni bibi yangu — namwita hivyo na namheshimu hivyo, hata anapokuwa na juisi ya matunda mpaka puani. Marehemu Bibi ndiye aliyenifundisha kuimba kwa koo, kwa siri, maana padri wa zamani alishasema huo ni mchezo wa shetani na akina mama wazee bado walikuwa na hofu. Leetia alipokua, nikamfundisha. Yaani Bibi alinifundisha mimi, na mimi nikamfundisha Bibi. Nikiwaza hivyo huwa nasikia raha ambayo sijui hata nimweleze nani.

Jumanne, 2 Septemba

Wajerumani wamejitoa. Aislandi nao. Wanasikitika sana, wanatuheshimu sana, n.k.

Wanorwe wamebaki. Mama anayeandaa tamasha pale Tromsø anasema watalipa nauli wenyewe, wamejipinda wakapata — ya mtu mmoja.

Mmoja! Odile akakohoa kidogo, akasema ana wazo. Tumrekodi Leetia, sauti iwekwe kwenye mashine, mimi nisimame jukwaani niimbe nayo. Miaka sita anatuuza na bado hajaelewa anauza nini. Ule si wimbo wa watu wawili, ni shindano. Tunashikana mikono, uso kwa uso, mmoja anatupa sauti, mwenzake anaijaza nafasi iliyobaki, kasi inapanda, na anayecheka au kuishiwa pumzi ndiye ameshindwa. Leetia hushindwa kila mara kwa sababu hawezi kunitazama bila kucheka. Na akicheka, ukumbi mzima unacheka.

Nimemweleza Odile. Akasema, "Naelewa, Akinisie, lakini ni hivyo au hakuna."

Wakati wa chakula nimemwuliza mume wangu maoni yake. Juusipi ndiye dereva wa lori la maji la kijiji. Akasema, "Lori langu la pili limekufa tangu Julai. Kuna nyumba zinakaa siku nne bila maji. Ningekuwa mimi ndiye serikali, ningenunua kwanza lori."

Nimenuna. Nimeosha vyombo kwa kelele. Lakini kitandani nimelifikiria. Hakukosea. Ila nauli yetu ilipokuwepo lori halikununuliwa, na sasa nauli haipo na lori bado halijanunuliwa. Nilitaka kumwambia hivyo, nikakuta anakoroma.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya kanisa tumerekodi. Leetia alisimama peke yake katikati ya jiko langu, mikono imekosa pa kushika. Akashika kiti. Aliimba vizuri, mwisho akacheka kwa sababu alikuwa anakitazama kiti.

Alipokwenda kuwasha maji ya chai nikajaribu kuimba na mashine. Mara ya kwanza imetuchekesha sote. Mara ya pili — mashine ikacheka palepale. Ya tatu, palepale. Nikaimba vibaya makusudi, palepale. Nikanyamaza kabisa, ikanisubiri weee, ikacheka palepale. Leetia alikuwa amesimama na birika anasikiliza mwenyewe anavyoshindwa.

"Zima," akasema.

Hakunywa chai. Amesema ana nguo za kufua.

Ijumaa, 3 Oktoba

Odile anataka jina la kuandika kwenye tiketi. Mwisho Jumatatu. Ofisi yake imefungwa, anafanyia kazi jikoni kwake. Nasikia mtoto analia na kitu kinachemka. Kati ya vikundi kumi na kimoja alivyokuwa anavisafirisha, amebaki na vitatu. Namwonea huruma. Halafu akasema neno lililonifanya nisimwonee huruma tena: tamasha mbili nyingine zimesikia habari za mashine, zimevutiwa. Mwakani zinaweza kuniita. Mimi na mashine. "Ni rahisi zaidi kwao," anasema.

Basi ni hivyo. Si safari moja tu. Nikienda na ikafana, hakuna atakayelipa tena nauli ya Leetia.

Na nataka kwenda! Acha niandike, hakuna wa kusoma. Nataka ile dakika kabla ya kuanza, watu mia nne kimya, hawajui kitakachotoka. Hapa mimi ni yule mama wa dukani. Kule nasimama na kitu alichokificha Bibi miaka yote ile, na watu wanasimama kunipigia makofi. Nilikuwa nadhani raha hiyo ni ya kwetu wawili. Sasa najiona naihesabu kuwa yangu, na sijipendi.

Nimekwenda kwa Leetia kumwambia sitakwenda. Nilijiandaa njia nzima. Sijafika hata kuvua viatu:

"Akinisie. Mimi nani wako?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako anasema nenda."

Hajawahi kulitumia jina namna hiyo. Miaka yote ni utani tu — bibi niletee chai, bibi acha kula matunda. Leo ameniamuru, na amri ya bibi siwezi kuipinga, anajua vizuri. Nilitaka kusema ana hila. Nikasema, "Sawa, Bibi."

Nadhani aliogopa ningembembeleza aniruhusu. Au aliogopa nisingembembeleza.

Jumatano, 15 Oktoba

Uchaguzi umepita. Ni walewale waliofunga mfuko. Theluji imeanza kukaa.

Leetia haji tena dukani zamu yangu ikiwepo. Anamtuma mumewe.

Jumanne, 11 Novemba

Naandika Kuujjuarapik, kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege. Tumetua hapa njiani kwenda Montreal na upepo umetuzuia. Theluji inakwenda ubavu, hata taa za njia ya ndege hazionekani.

Asubuhi, uwanjani kwetu, Leetia alikuja kuniaga. Sikumtegemea! Alivaa koti lake la jukwaani, lile jeupe. Watu waliokuwa wanasubiri ndege wakaanza, "Haya, imbeni basi! Wanorwe watasikia, sisi je?" Nikamtazama. Akanyoosha mikono, nikaishika. Ilikuwa baridi.

Akaanza yeye. Nikajaza. Tulianza polepole, kisha kasi, ule mwendo wa mto kuvunjika barafu. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Nikamfanyia macho, yale ambayo hayajawahi kushindwa kumchekesha — hakucheka. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, anatupa sauti, anatupa sauti. Pumzi ikaanza kuniuma mbavuni. Watu waliacha kushangilia. Abiria wenzangu wakaanza kutoka kuelekea kwenye ndege. Kijana wa mizigo akaita jina langu, akaita tena. Leetia akakaza vidole.

Angeimba mpaka jioni. Nikaona hivyo. Na mimi ningeimba naye mpaka jioni, kama si ile ndege.

Basi nikacheka. Nikaachia mikono na kucheka kwa sauti, ili iishe. Mara yangu ya kwanza kushindwa, na ilikuwa ya uongo. Watu wakapiga makofi. Leetia hakusogea.

"Hicho si kicheko," akasema. Taratibu tu, si kwa hasira. "Mimi kicheko chako nakijua. Hatujamaliza."

Nikasema, "Nikirudi, Bibi."

Akasema, "Ukirudi utakuwa umezoea ile inayocheka palepale."

Nikapanda ndege. Nimelia mpaka tunatua hapa, yule baba niliyekaa naye akanipa leso yake bila kuuliza kitu.

Sasa ni saa tisa. Ndege mbili zinangoja upepo utulie, ya kwenda kusini na ya kurudi kaskazini, inayopita kwetu. Nimempigia Odile kutoka simu ya ukutani. Anasema nisihangaike, nikichelewa Montreal atabadilisha tiketi, Wanorwe wameshaandaa spika kubwa, wana hamu. Nimekata simu. Diski yenye sauti ya Leetia iko kwenye mkoba, naisikia kwa kiwiko kila nikigeuza karatasi.

Upepo umeanza kupungua kidogo. Binti wa kaunta anapita kwa abiria mmoja mmoja na kalamu yake. Amefika kwangu. "Mama, wewe nakuandika ya kusini au ya kaskazini?"

Nimemwambia aanze na wengine, namalizia kuandika.