Cheti cha Otis

Jumatatu, 4 Februari 2019

Daktari anasema moyo wangu hautaiona barafu ya ziwa ikiyeyuka. Hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, huyeyuka Mei, kwa hiyo kanipa muda wa kutosha.

Basi nikiri. Barua isiyo na jina iliyomfikia meneja wa makao haya ya wazee — ile ya kutaka Otis, mbwa wa Verna Haugland, atolewe kwenye chumba cha kulia mpaka mwenyewe aonyeshe cheti cha mafunzo yake — ni yangu. Nimefundisha sheria miaka thelathini na minane. Kwa mbwa anayemsaidia mlemavu, sheria inaruhusu maswali mawili tu: mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kazi gani? Cheti hakitakiwi. Hakuna ofisi ya serikali inayokitoa.

Ndiyo maana nilikidai.

Jumatano, 6 Februari

Sababu: Verna anakalia kiti cha marehemu mke wangu. Kumwambia mtu ahame kiti ni utovu wa adabu. Kwetu hatusemi. Tunaandika barua.

Otis hutambua kifafa cha Verna kabla hakijaja. Leo mchana kamgusa Verna goti. Verna akaweka uma, akajilaza sakafuni, kikamkuta huko. Hakuumia. Sisi tukaendelea kula, kwa heshima.

Alhamisi, 7 Februari

Verna kagonga mlango wangu!

“Profesa, kuna mwoga humu kaniandikia barua. Nisaidie kumjibu.”

“Umejuaje ni mwoga?”

“Kaandika vizuri mno. Mtu mwenye uchungu wa kweli hakumbuki kuweka mkato.”

Nikaandika jibu, ukurasa na nusu. Nimemshinda yule mwandishi vibaya sana. Verna akauliza, na cheti je? Nikamwambia: si lazima.

Jumanne, 12 Februari

Kikao. Meneja Carlene, Verna, mimi, Otis chini ya meza. Nikasoma jibu. Carlene akatikisa kichwa kukubali. Yalikuwa yamekwisha — ndipo Verna akafungua mkoba.

“Na cheti nimeleta!”

Muhuri wa dhahabu. Picha ya Otis kavalishwa tai. Kakinunua mtandaoni.

“Verna, nilikwambia si lazima!”

“Ndiyo, Profesa. Ukialikwa chakula ukaambiwa si lazima ulete kitu, unakwenda mikono mitupu?”

Kweli. Kwetu hakuna aendaye mikono mitupu.

Carlene kageuza karatasi mara mbili. Anasema ofisi iliyotoa cheti hiki hajapata kuisikia. Na kama karatasi ni ya kughushi, hata hayo maneno mengine atayaaminije? Kikiwa bandia, mbwa atatoka leo. “Profesa, wewe ndiye mjuzi. Ni halali?”

Nikisema halali, nadanganya. Nikisema bandia, Otis anatoka, na siku kifafa kitakapomkuta Verna kitini, hakuna wa kumgusa goti. Iko njia ya tatu: kumtaja aliyedai cheti akijua hakipo, lawama iniangukie mimi, Otis abaki.

Nikaomba dakika tano nikachukue miwani. Nimekaa kitandani, naandika. Miwani iko puani.

Mlango unagongwa. Kucha za mbwa sakafuni.

“Profesa,” anaita Verna, kwa upole kabisa, “si lazima uharakishe.”