Mume Wangu Ameitwa Jina la DC

Bado nacheka kwa furaha peke yangu jikoni, miezi miwili baada ya harusi. Leo Jumapili, mvua haijakatika tangu alfajiri hapa Barking, nchi ya Waingereza, na Henry wangu ameniletea chai kitandani. Nampenda mno!

Lakini chai imepoa, sijaigusa.

Jana tulikula kwa mama mkwe, Croydon. Akanifungulia albamu ya babu yake Henry, ambaye Henry ameitwa jina lake. Alikuwa DC, mkuu wa wilaya, kwetu Murang'a enzi za mkoloni. Alifika kijana, akapanda cheo, akaoa, akapata mabinti wawili na mtoto wa kiume. Katika picha moja familia nzima imekaa juu ya blanketi, wanakula keki. Nyuma yao kuna moshi mweusi.

Nikadhani wanachoma shamba.

Kwetu bwana harusi huulizwa kwanza ameitwa jina la nani. Shosho, bibi yangu, alikuwa ameniuliza tangu uchumba, na sikuwa najua. Basi kwa furaha yangu ya kijinga nikaipiga ile picha kwa simu, nikamtumia.

Asubuhi hii akapiga.

"Wewe msichana, unajua huo ni moshi wa nini?"

Ni wa nyumba ya kina Shosho. Alikuwa na miaka tisa. Askari walimwaga mafuta ya taa juu ya paa la nyasi, mamake akiwa ndani anamtafuta kitindamimba. Mama alipotoka nywele zikiwaka, wakampiga kwa vitako vya bunduki hadi taya likavunjika. Mtoto hakutoka. Kaka yake Shosho alikimbilia mtoni, akapigwa risasi mgongoni.

DC alisimama kando akitazama saa. Kisha akarudi kwenye keki.

Nilimtafsiria Henry kila neno. Akapiga ngumi mlango wa kabati hadi vidole vikatoka damu. Akasema atabadilisha jina kesho.

"Mwambie asiliguse," Shosho akasema. "Aje nalo hapa. Nataka nimwite kwa hilo jina, nione kama ataitika. Asipokuja, mimi sina mkwe."

Henry akajibu neno moja tu: twende. Nikampenda upya. Na kwa mara ya kwanza nikauogopa uso wake, maana ni ule ule wa babu yake kwenye picha.

Ataitika vipi?

Tiketi tumekata. Shosho, kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa mlangoni pako.