Upande wa Kushoto

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia kifua chako. Mimi mzima. Magoti ndiyo yananinung'unikia nikipanda ngazi, lakini hayo tumeshazoeana.

Uliniuliza kwenye simu, "Mama, huyo aliyeniimbia ni nani?" nami nikasema nitakuandikia, nikakata. Usininunie. Nisingeweza kusema kitu, maana mwenyewe alikuwa ameketi ubavuni kwangu, ananivuta mkono arudishiwe simu. Basi sikia sasa. Aliyekuimbia ni baba yako.

Ndiyo, baba yako. Kinyozi yule yule ambaye wateja walimbatiza Bwana Kimya, kwa kuwa ukinyolewa kwake unaondoka umesikia mkasi tu. Yule aliyekigeuzia ukutani kiti chako cha kunyolea siku ulipoondoka kwenda kunyoa vichwa vya watu wa mbali, na tangu siku hiyo hakulitaja jina lako hata kwa bahati mbaya.

Ilianzia kazini. Alimnyoa yule mwalimu, jirani yetu, nusu ya kulia ya kichwa, vizuri kabisa, akamkung'uta nywele akamwambia, "Umependeza, nenda." Upande wa kushoto haujaguswa! Mwalimu akadhani ni mzaha, akacheka. Baba yako naye akacheka, na hapo ndipo mwalimu alipoogopa, maana nani amewahi kumwona mtu huyu akicheka? Akaja mbio kunigongea mlango wa ndani na kichwa chake cha nusu nusu. Mungu anisamehe, nilianza kwa kucheka. Kulia kulikuja baadaye.

Wamempiga picha ya kichwa, wakakuta uvimbe kwenye ubongo, mbele, upande wa kulia. Wamempasua wakatoa walichoweza kutoa. Wamekipima, ni saratani. Sikukwambia mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui naingia au natoka. Sasa anaanza kupigwa mionzi.

Na tangu hapo hanyamazi. Anaimba, anatania wauguzi, mimi ananiita bibi harusi, na uzee wote huu. Wewe anakutaja tangu akifungua macho. "Mwite mwanangu aje aninyoe." Kichwa chake ndicho kinachoumwa lakini changu ndicho kinachozunguka. Njoo, mama.

Mama yako

20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nashukuru. Pole, pole sana, na pole hata kwa siku zile ulizokuwa peke yako kwenye mabenchi ya hospitali, mimi huku nikikusimulia habari za mvua.

Barua yako niliisomea kwenye kiti cha wateja, saluni ikiwa tupu. Mwenye saluni alinikuta nalia, nikamwambia sabuni imeniingia machoni. Alitazama sinki kavu, akaondoka zake.

Baba amenipigia tena na tena. Ananiita mboni ya jicho lake. Juzi alinikumbusha nilivyokuwa nikisimama juu ya debe ili nifikie vichwa vya watu, nikadhani hilo alishalisahau. Halafu akasema, "Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu." Mama! Nimekua nikinyoa pembeni yake, na neno lake kwangu lilikuwa moja tu: "Umeruka." Umeruka hapa, umeruka pale. Nikimaliza kichwa nimekitengeneza mpaka kinang'aa, atakuja, atainama, atatafuta unywele mmoja. "Umeruka." Sikuwahi kusikia "Safi."

Nikikata simu nafurahi hadi natabasamu peke yangu barabarani, watu wananikwepa. Nikifika chumbani najiuliza, huyu ni nani? Ni baba aliyekuwa amejificha miaka yote, au ni ugonjwa unasema kwa kinywa chake? Nikija nikamkumbatia, kisha akapona akanitazama kama alivyonitazama siku ile naondoka, uso wangu nitauweka wapi? Naogopa, mama, na naona aibu kuogopa. Muulize daktari. Muulize hilo hilo, usizunguke.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumba isiyojijua. Mimi sijambo, ila jana nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote, na mgonjwa ndiye aliyeonja akaniambia. Sasa nani anamtunza nani?

Daktari nilimuuliza kama ulivyonituma. Ni mwanamke mdogo, macho yamejaa usingizi, nikamwonea huruma kabla sijafungua mdomo. Akasema hapo mbele ya ubongo ndipo penye breki za mtu, na kwa baba yako zimelegea. "Basi hayo anayoyasema yalikuwamo, ila breki ziliyazuia?" nikamuuliza. Akasema pengine. "Au ni uvimbe unayatunga?" Pengine. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ni jibu gani?" Akasema ndilo alilonalo. Picha inamwonyesha uvimbe, haimwonyeshi zaidi ya hapo.

Lakini aliniambia niuangalie upande wa kushoto. Ubongo wa baba yako umeusahau upande huo wote. Ndiyo maana ya kichwa cha mwalimu. Akila, anamaliza wali wa kulia, wa kushoto haujui, na ananilalamikia njaa. Mimi naigeuza sahani. "Ah! Kumbe umeniongeza!" anasema, na ananishukuru kweli kweli. Shati lake anavaa mkono mmoja, mwingine unaning'inia. Daktari akasema siku atakapoukumbuka upande huo mwenyewe, bila kugeuziwa sahani, nijue kichwa kinaanza kukaa sawa.

Mionzi tunakwenda. Wamemfinyangia kinyago cha wavu juu ya uso wake mwenyewe, wanakibana kitandani asitikisike. Wengine hulia wakifungwa, yeye anamwambia fundi wa mashine, "Leo nipunguze pembeni tu." Anatoka na alama za wavu usoni, anacheka.

Na sasa nisikilize. Daktari anasema vidonge na mionzi vikifanya kazi, uvimbe ukinywea, anaweza kurudi kama zamani. Kama zamani! Juzi alisimama mlangoni akawaambia majirani kwamba hajaona mwanamke mwenye macho kama yangu. Nilikimbilia jikoni nikasimama nyuma ya mlango kama msichana. Neno hilo nililingoja ujana wangu wote. Usiku huo nikaanza kumwombea apone, nikafika katikati nikanyamaza. Nikajipiga kofi la mdomo, nikaanza upya. Nimwombee yupi? Ukijua niambie.

Mama yako

25 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na chumvi. Mimi ni mzima wa mwili.

Sijui umwombee yupi. Mwombee wote wawili, Mungu atachambua.

Nimeamua kuja. Mwenye saluni amekubali, lakini mpaka mwenzangu arudi kutoka likizo ya uzazi, maana saluni peke yake haiwezi. Najua unavyowaza, unadhani natafuta kisingizio. Nusu ni kweli.

Jana baba alipiga. Akaanza wimbo wake ule ule, akafika katikati akaacha. Nikasikia pumzi tu. Nilisema, "Baba? Baba, upo?" akakata. Mtandao, sivyo?

Asinyolewe na mtu mwingine. Mwambie nakuja kumnyoa mwenyewe.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku kwetu ukiuliza hali, sijui nikujibu nini, hivyo nitakuandikia kama mambo yalivyo.

Mionzi imekwisha. Picha mpya imetoka, uvimbe umenywea. Daktari alifurahi mpaka akanishika mikono. Nami nikafurahi, nikatoka nje, nikakaa kwenye gari na baba yako, hakusema neno. Tumefika nyumbani, hakusema neno. Leo ni wiki nzima.

Bwana Kimya amerudi. Nimekaa na mtu huyu tangu sijazaa, kimya chake nakijua kama ninavyojua jiko langu, lakini sasa kimenishinda. Nilimwita bwana harusi, akanitazama kama nimechanganyikiwa. Labda nimechanganyikiwa. Hospitali wanasema nafuu, na mimi naifuta meza huku nalia kana kwamba kuna mtu amezikwa. Wewe umewahi kusikia mke anamlilia mume aliyepata nafuu?

Na kupona kwenyewe siyo kupona. Daktari ameniambia bila kunificha kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Sahani bado nageuza.

Nywele zimemtoka pale ilipopita mionzi, vipande vipande, kwingine zimebaki. Yeye, kinyozi! Mwalimu alijitolea kumpeleka kwa kinyozi mwingine, akasukuma mkono wake. Wembe nimemficha asijinyoe mwenyewe. Nilimwambia, "Binti yako anakuja kukunyoa." Akageukia ukuta.

Kwa hiyo nakuambia mapema usije kunilaumu. Yule aliyekuita mboni ya jicho hayupo. Sijui kaenda wapi. Ukija, uje kwa huyu aliyebaki.

Mama yako

2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nimerudi huku kazini salama, na sanduku limefika, mayai uliyonifungia hayakufika.

Nakuandikia yale niliyoshindwa kukwambia siku ile. Uliporudi na dawa zake ulinikuta naosha mashine, na dereva anapiga honi nje. Uliniuliza, "Vipi?" nikasema, "Nimemnyoa," nikakukumbatia nikaondoka. Siku zote nilizokaa hapo hakunijibu hata salamu, uliona mwenyewe. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nafunga mizigo.

Ulipotoka tu kufuata dawa, aliinuka kitandani. Alitembea ameshika ukuta mpaka chumba cha mbele cha kunyolea, kwenye viti vya kazi. Nikamfuata nikidhani amepotea njia ya chooni. Alichukua kile kitambaa cheupe cha wateja, akajifunga shingoni mwenyewe. Kisha akakipita kiti chake, akaketi kwenye kiti changu. Kiti changu, mama, kile kilichogeuzwa. Akaketi akitazama ukuta, hakuna kioo mbele yake, akasubiri.

Nikamnyoa. Lile kovu la kisu ni refu kuliko nilivyodhani, nilipitisha mashine kandokando yake nikizuia pumzi. Kichwa cha baba ni kidogo. Mbona hujawahi kuniambia kwamba kichwa cha baba ni kidogo? Alifumba macho. Sikuona vizuri mwishoni kwa machozi, nikamfungua kitambaa, kioo cha mkononi sikumpa, nikakimbilia sinki. Niligeuka nikakuta ameshaondoka kwenda kulala. Hakusema "Safi." Hakusema "Umeruka."

Sasa nipo hapa nashika vichwa vya watu na akili haipo. Alijua ni mimi? Au aliona mwanamke yeyote na mashine, mguu ukampeleka ulikozoea? Alikaa kwenye kiti changu kwa kukusudia, au ni kwa sababu ubongo hauchagui tena? Yule wa kwenye simu alinipenda na nilimwogopa. Huyu nilimshika kichwa kwa mikono yangu miwili na sijui kama alinitambua. Nampenda, mama. Nilitaka ajue hilo akiwa na akili yake mwenyewe, mara moja tu, basi.

Kama kuna lolote alilosema baada ya mimi kuondoka, niandikie. Kama hakuna, usitunge.

Binti yako

21 Juni

Binti,

Mama yako amenipa karatasi. Salamu za afya atazimalizia yeye, ndiye mwenye maneno. Mkono wangu unatembea vibaya, vumilia.

Barua yako amenisomea. Hakukuomba ruhusa, wala wewe hukumkataza.

Ananiuliza kama nayakumbuka ya kwenye simu. Mengine nayakumbuka, mengine nasimuliwa kama ya mtu mwingine, naona haya. Msiniulize sana. Lile la kutaka uje uninyoe nalikumbuka.

Sasa ya kazi. Nyuma ya sikio la kushoto umeruka. Leo nilikuwa nakula, nikapapasa, nikakuta kishungi kizima. Nimemwonyesha mama yako, akaiacha sahani aliyotaka kuigeuza, akaanza kulia, sijui kwa nini, kwa nywele chache. Kioo hukunipa. Mteja haondoki kwenye kiti kabla hajajiona nyuma, hilo nilikufundisha ukiwa juu ya debe. Hapo kwenye kovu mkono wako ulikuwa mwepesi.

Mwalimu anataka kunimalizia. Nimekataa.

Kiti chako nimekigeuza kinatazama kioo. Usichelewe.

Baba yako