Plagi za Tangi la Kwanza na la Pili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sostenes Ndunguru
Umri: Miaka 41
Kabila: Mmatengo
Elimu: Darasa la tano
Kazi: Kibarua
Makazi: Chang'ombe, Dodoma, chumba cha kupanga
Tarehe: 18 Juni 2025, saa 3:10 asubuhi

Mimi ni mtu wa Mbinga. Nina mwaka wa tatu hapa Dodoma. Ni kibarua kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti nje ya mji, njia ya Singida. Kila Jumamosi naosha matangi mawili ya kuchemshia mafuta.

Kila tangi lina kipimajoto, chuma chembamba kilichozama ndani. Waya mweusi unatoka hapo, unapanda darini na kwenda kwenye kioo kinachoonyesha joto la tangi hilo. Joto likizidi, moto unajizima wenyewe. Waya unashikana na kipimajoto kwa plagi ya kuzungusha. Plagi zote mbili zinafanana. Zilikuwa na karatasi za namba, mvuke ukazibandua mwaka jana. Maji yakiingia kwenye plagi, namba za kwenye kioo zinaruka ovyo, kwa hiyo kabla ya kuosha nazifungua na kuzifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Fundi umeme wetu, Ulimboka, alinikataza. Alisema, "Kaka Sostenes, plagi niachie mimi." Lakini msimamizi, bwana Hashimu, alisema kumsubiri fundi ni kuchelewesha kazi. Nikawa nafungua mwenyewe.

Utaratibu wangu ni huu. Naanza na tangi la kwanza, lililo karibu na bomba. Waya wake nautundika kwenye ndoano, halafu wa tangi la pili juu yake. Nikimaliza, wa juu naurudisha tangi la pili, wa chini la kwanza. Sijawahi kukosea.

Mnamo tarehe 14 Juni, Jumamosi, bomba lilikuwa kavu tangu Alhamisi. Gari la maji lilikuja saa nne asubuhi, likaingia kwa geti la nyuma. Mpira wake ulikuwa mfupi, ukafika tangi la pili tu. Nikaanza na hilo, waya wake ukatangulia kwenye ndoano. La kwanza nililiosha baadaye kwa ndoo. Saa nane mchana nilimaliza, nimechoka. Nikachukua waya wa juu, nikaufunga tangi la pili kama siku zote.

Jumatatu tarehe 16, saa 2:40 asubuhi, mpishi wa mafuta, Joel Ndahani wa Kibakwe, alifika kuwasha tangi la kwanza. La pili lilikuwa tupu. Alinisalimu, "Mbukwa, Mmatengo. Matangi umeyaogesha au umeyatemea mate?" Nikamwambia aonje.

Kioo cha kwanza kilikaa kwenye nyuzi 19. Joel akasema, "Leo mafuta yana uvivu," akaongeza moto. Kioo cha pili kilikuwa kinapanda. Nilimwonyesha. Akasema, "Achana nacho, umekinywesha maji." Tukacheka. Nilidhani ni kweli.

Saa 3:25 moshi ulitoka pembeni mwa mfuniko. Joel aliufungua aangalie. Moto ulimrukia mikononi na kifuani. Nilimfunika kwa gunia. Mpaka leo yuko wodini, hawezi kushika kikombe.

Jioni ile mlimchukua fundi Ulimboka, kwa madai kwamba aliunganisha vibaya. Asubuhi yake nilipanda ngazi, nikaufuata waya wa tangi la kwanza kwa mkono. Ulifika kioo cha pili.

Jana saa kumi na moja jioni bwana Hashimu alikuja chumbani kwangu. Alisema, "Wewe sema tu ulimwona fundi anashika plagi Jumamosi. Una watoto, na Mbinga ni mbali."

Fundi hakuwepo Jumamosi. Alikuwa Buigiri kumwona binti yake anayesoma huko. Ijumaa nilimwona anatoka na sabuni na madaftari.

Plagi nilizifunga mimi. Hakuna mwingine aliyezigusa. Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona, na mengine ndiyo niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Sahihi ya shahidi: S. Ndunguru

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Devota, na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Alipofika kwenye habari za tarehe 14 nilisimamisha kuandika, nikamwonya kwamba halazimiki kusema jambo la kumtia hatiani. Alisema niendelee kuandika.

Baada ya kusaini aliuliza kama fundi atatoka leo. Nilimjibu kwamba mwenye uamuzi ni mkuu wa upelelezi. Amekaa kwenye benchi, anasubiri. Kwenye mfuko wake kuna sweta. Nilipomuuliza ni la nani, alisema ni la kwake, kama atabaki.