Nilimdanganya Mkaguzi kwa Ajili ya Bustani ya Marehemu Mke Wangu

Mheshimiwa Mshauri,

Naomba radhi kwa kuchukua nafasi inayowastahili watu wenye shida kubwa kuliko yangu, lakini nimeshindwa kuungama kwingine, na kwa kuwa misheni walitufundisha kwamba uongo mdogo nao ni uongo, naomba uvumilie urefu wa barua hii.

Nyuma ya nyumba yangu kuna shamba la misheni ambalo mimi na marehemu mke wangu tuliruhusiwa kulilima kwa miaka thelathini na mmoja, tukihama kipande kila mwaka ili ardhi ipumzike, yeye akitangulia na jembe, mimi nikifuata na mbegu baada ya kutoka kufundisha, na miaka yote hiyo jembe lake lilikuwa likigonga vigae vya vyungu vya kale, vingine vina michoro ya kucha ukingoni, naye hakukiacha hata kimoja, alivifuta kwa upindo wa nguo yake, akavipanga kuzunguka bustani yake ya maua karibu na mlango wa jikoni, vya kila mwaka mstari wake, na kila mstari ukiishia kwa jiwe jeupe. Wanawake waliofinyanga vyungu vile aliwaita "wenzangu." Jioni moja aliniambia, "Mwalimu, hawa wenzangu walivunja vyungu kweli kweli. Bila shaka waume zao nao walikuwa wakiuliza chakula kila dakika." Nilicheka hata nikamwaga chai, na leo, miaka minne tangu Bwana amwite, huimwagilia bustani ile kila asubuhi nikisikia kicheko chake.

Sasa shamba limeuzwa, yatajengwa maghala, na sheria inataka wataalamu wa mambo ya kale walikague kwanza. Alikuja mkaguzi, binti mwenye adabu sana, akatembea shambani siku tatu, kisha akaja kwangu na fomu kuniuliza kama niliwahi kuokota chochote pale. Mshauri, kabla hajaketi nilikigeuza kiti chake kikaelekea barabarani, nikamkaribisha chai, nikamjibu, "Hapana, mwanangu," nikatia sahihi. Akasema, "Ajabu, babu. Udongo unaonyesha watu waliishi hapa, lakini juu hakuna kitu. Utadhani mtu alifagia." Nikamwongezea chai.

Ripoti inafungwa mwisho wa wiki ijayo, ikisema eneo halina kitu, na matingatinga yataingia. Nikisema kweli, nachelea watavibeba vigae vyote alivyovipanga marehemu kwa mikono yake, nami sina kingine chake ambacho hakijahamishwa tangu aondoke. Mdogo wake ananicheka: "Shemeji, vyungu vilivyovunjika navyo vikukoseshe raha? Nyamaza, mwagilia maua yako." Nimenyamaza, lakini nikipiga magoti sala hainitoki. Je, nikivitoa nitakuwa nimemkosea marehemu?

Wako kwa heshima, na kwa kuomba radhi tena,
Mwalimu Mstaafu

MSHAURI ANAJIBU:

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa miaka minne ya kunywa chai peke yako. Nilikuwa nacheka pamoja na marehemu, kisha nikafika kwenye kile kiti, kicheko kikakatika. Mwalimu mzima! Mwanafunzi wako angefanya hivyo ungemsimamisha mbele ya darasa.

Unaogopa kumkosea mkeo. Hebu mfikirie sawasawa. Miaka thelathini na mmoja aliokota kazi ya wenzake kipande kwa kipande, akaifuta, akaipa mahali. Ile ambayo jembe halikuifikia bado iko chini ya shamba lile, na kwa sahihi yako itamwagiwa zege. Marehemu angekushukuru kwa hilo, au angekunyima chakula?

Tena lipo jambo umeliandika bila kuliona. Kila mwaka mstari wake, na jiwe mwishoni. Wewe uliyefuata nyuma yake na mbegu unajua mwaka gani mlilima kipande gani. Maana yake bustani ile inaeleza vigae vya kila mstari vilitoka wapi, na aliyebaki wa kuweza kuisoma ni mmoja tu. Naye ndiye aliyetia sahihi kwamba hakuna kitu!

Sasa nisikilize. Ukilikunja gazeti hili, mpigie yule binti. Mwambie, "Mwanangu, nilikudanganya," hivyo hivyo, usiyavishe tai hayo maneno. Usikiondoe kigae hata kimoja, hata kwa kukisafisha. Mwombe apige picha bustani yote kabla ya kugusa chochote, kisha kaa naye umweleze mstari baada ya mstari. Jina la marehemu liandikwe kwenye ripoti kwamba ndiye aliyeviokota; hilo lidai, wala usiombe radhi. Shemeji yako mpe ndoo amwagilie yeye maua wiki hii, wewe una kazi.

Sikufichi, mzee wangu: huenda wakavichukua vyote, nawe utalia. Lia. Halafu panga matofali pale vilipokuwa, maana maua yatataka maji kesho yake asubuhi.

Na binti akija, mwandalie chai. Kiti kielekee bustanini.